Gauni la Mwili Gani? Nguo za Avata wa Second Life na Kwa Nini Hazimkai Kila Mtu

Binti wa kaka yangu alinitumia picha saa tano usiku. Avata wake, umbo la mtu linalomwakilisha kwenye kompyuta, amesimama bustanini, kavaa gauni refu la kijani lenye mpasuo ubavuni, na bega lake la kushoto limetoboa kitambaa kama mhogo uliotoboa kiroba. Nyonga zinachungulia pande zote mbili. Kifuani gauni linampwaya, kiunoni limebana hadi limezama ndani ya nyama.

"Shangazi, nimelilipia L$349 na lina matundu."

"Halina matundu. Umenunua la mwili gani?"

"La mwili gani kivipi? La kike!"

Jibu lake si la kijinga. Maisha yake yote amenunua nguo kwa saizi: 12, 14, M, au kwa kuishika kiunoni mbele ya muuzaji na kukisia. Katika Second Life saizi ya namna hiyo haipo tena. Nguo huandikwa jina la mwili iliyoshonewa, na mwili wenyewe ni bidhaa ya duka kama gauni. Anayeingia leo huikuta sheria hii imekwisha kukomaa, wala hapati wa kumweleza ilikotoka. Mimi niliingia wakati mambo yalikuwa mepesi zaidi na nguo zikiwa mbaya zaidi, nikayaona yakibadilika moja baada ya jingine. Nitayaeleza kwa mpangilio huo, kwa sababu kila usumbufu wa leo ulianza kama dawa ya usumbufu wa jana.

Kwa asiyeijua: Second Life ni ulimwengu pepe uliofunguliwa Juni 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Hauna alama wala mshindi. Unaingia, unakuwa na avata, unatembea, unapiga soga, unapanga nyumba, unahudhuria harusi. Kampuni hutoa ardhi, seva na sarafu iitwayo dola ya Linden, L$, ambayo kwa miaka mingi imebadilishwa kwa karibu 250 kwa dola moja ya Marekani. Vilivyobaki karibu vyote, kuanzia mwembe hadi kope, vimetengenezwa na wakazi wenyewe. Novemba 2003 kampuni ilitangaza kwamba mkazi atabaki na haki miliki ya alichokibuni, na tamko hilo ndilo lililozaa maduka. Ndilo pia lililohakikisha kwamba hakutakuwa na fundi mkuu mmoja wa kuamua kiuno kiwe na upana gani.

Nguo ya kupaka

Avata wa mwanzo alitoka kiwandani na mwili mmoja, wa kampuni. Ungeweza kuurefusha, kuunenepesha, kuukuza pua au kuupunguza makalio kwa vidhibiti vya kuburuta, kila kimoja kikienda kutoka 0 hadi 100, lakini chini ya yote hayo ulikuwa mwili ule ule ambao jirani yako naye ameuvaa. Nguo zake hazikuwa kitambaa. Zilikuwa rangi, kama hina na piko kwenye mkono wa bibi harusi: picha bapa inayotandazwa juu ya ngozi. Picha zilikuwa tatu, ya kichwa, ya kiwiliwili na ya kuanzia kiunoni kwenda chini, kila moja ya pikseli 512 kwa 512. Shati la ndani, shati, koti, suruali na soksi vyote vilikuwa tabaka za rangi zinazopangwa juu ya nyingine, kisha zinakandwa pamoja kuwa picha moja.

Uzuri wake ni kwamba zilimkaa kila mtu. Rangi haipwayi. Ukinenepa inanenepa nawe.

Ubaya wake niliujua siku nilipojaribu kutengeneza kanga. Kupandisha picha kunagharimu L$10, fedha ndogo, kwa hiyo sikuogopa kukosea. Nikachora pindo, mji na jina, nikakaa na tabasamu nikingoja kujiona. Kwanza, kanga iliyofungwa kifuani inapita kiunoni, na kiunoni ndipo picha ya juu inapokutana na picha ya chini. Pindo langu likavunjika pale kama ukuta uliopigwa na tetemeko. Pili, rangi haijui kuruka hewani. Picha ya chini hufuata mguu mmoja mmoja hadi mapajani, na kanga yangu ikagawanyika katikati. Nilikuwa nimechora suruali ya kubana yenye methali.

Ili nguo isimame mbali na mwili, watu walitumia vipande vya maumbo, vile vile vinavyojengea nyumba na viti, wakavipanga kuzunguka kiuno na kuvining'iniza hapo. Hizo ndizo sketi za vipande. Zilikuja na uhuru ambao leo umepotea: uliweza kuibonyeza sketi, kuivuta kipande kwa kipande, kuipanua, kuisogeza nyuma nusu sentimita. Nimemaliza jioni nzima nikiipunguza sketi moja kiunoni huku rafiki yangu akisema "bado, bado, hapo nyuma inaelea." Tulikuwa mafundi cherehani bila cherehani. Ukikaa kitini, vipande vinasimama wima kama mabati yaliyong'olewa na upepo, na tulijifunza kutokaa.

Hata kampuni za nguo za kweli zilijaribu bahati yao kipindi hicho. American Apparel ilifungua duka ndani ya Second Life mwaka 2006, ikalifunga 2007. Mkazi aliyekuwa akichora mikunjo usiku na mchana alikuwa tayari anauza shati zuri zaidi kwa bei ya peremende.

Nguo yenye mifupa

Mwaka 2011 mlango ulifunguliwa kwa meshi. Meshi ni wavu wa pembetatu ndogo ndogo uliochongwa nje, katika programu kama Blender au Maya, kisha ukapandishwa ndani. Kwa mara ya kwanza kola ilikuwa kola, na rinda lilikuwa rinda.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo twende polepole. Ndani ya kila avata mna kiunzi cha mifupa. Hakionekani, lakini ndicho kinachotembea; mwili unakifuata. Gauni la meshi halivaliwi juu ya mwili kwa maana ya kitambaa kinacholalia ngozi. Gauni nalo limefungwa kwenye mifupa ile ile. Kila nukta ya wavu wake imepewa maagizo: wewe wa kiwikoni, fuata mfupa wa juu wa mkono kwa asilimia 60 na wa chini kwa 40. Nukta moja inaweza kugawanyika kwa mifupa isiyozidi minne. Mwili na gauni ni watu wawili wanaocheza muziki mmoja bila kushikana mikono. Wakiwa wamefundishwa na mwalimu mmoja wanakwenda sambamba na unadhani mmoja kamvaa mwenzake. Wakifundishwa na walimu wawili, mmoja anatupa bega kabla ya mwingine, na bega linatokea upande wa pili wa kitambaa.

Kompyuta haizuii hilo kutokea. Haihesabu kitambaa kikigusa ngozi, kwa sababu hesabu hiyo ni nzito na uwanjani mnaweza kuwa na avata 40 wanaocheza ngoma. Inasogeza nukta tu kama zilivyoagizwa. Zikipishana, shauri lao.

Mwanzoni hali ilikuwa mbaya kuliko hapo. Vidhibiti vya urefu na upana wa mabega vilisogeza mifupa, kwa hiyo gauni lilivisikia. Lakini vya unene, kifua na misuli vilivimbisha mwili wa kampuni moja kwa moja bila kugusa mfupa. Ukijiongeza makalio, makalio yanaongezeka na gauni halina habari. Mwaka 2012 mafundi kadhaa wakapatana juu ya saizi tano za pamoja, XXS hadi L, na hizo ndizo saizi za kweli pekee zilizowahi kushika humo. Ila zilifanya kazi kinyumenyume. Fundi alikupa orodha ya namba, nawe ukaburuta vidhibiti vyako hadi mwili ukafanana na gauni. Mteja ndiye aliyekuwa akipunguzwa na kuachiwa.

Waliookoa jahazi ni wakazi wenyewe. Katika kiunzi mlikuwa na viputo vya kukisia ukubwa wa mwili, tumboni, kifuani, nyongani, vilivyowekwa kwa kazi nyingine kabisa, ya kujua avata anapogongana na vitu. Na viputo hivyo vilikuwa vikikua na kusinyaa kwa vidhibiti vya unene. Mtu akajaribu kufunga nukta za nguo kwenye viputo badala ya mifupa mitupu, na nguo ikanenepa na mwenye nguo. Kampuni ikaikubali njia hiyo na kuitoa rasmi mwanzoni mwa 2014. Kwa miezi michache ilionekana kana kwamba tatizo la saizi limezikwa.

Kisha watu wakaanza kuuza miili

Kama gauni linaweza kuwa meshi, kwa nini mwili usiwe meshi? Mwili wa kampuni ulikuwa na vidole vilivyogandana na miguu iliyofanana na pasi. Walianza na miguu na mikono ya kununua, wakafuata na mwili mzima: Slink, Maitreya, Belleza, Signature, baadaye Legacy, Kupra, Reborn na mingine. Mwili wa kampuni unafichwa wote, halafu wa dukani unapachikwa mahali pake. Vichwa navyo vina maduka yao, hasa baada ya Desemba 2016, kiunzi kilipoongezwa mifupa ya uso, vidole, mabawa na hata mkia.

Vidhibiti ni vile vile, 0 hadi 100, kwa wote. Lakini makalio ya 60 kwenye Maitreya si makalio ya 60 kwenye Reborn. Kila mchongaji amechora mkunjo wake wa nyonga na kugawa maagizo ya nukta zake kwa namna yake. Ni sawa na mafundi wawili wenye tepu moja: wote wanasoma inchi 38, mmoja amepima juu ya kitambaa na mwingine chini yake. Kwa hiyo fundi wa nguo hawezi kushona gauni la "mwanamke". Anamwomba mwenye mwili nakala ya kushonea, yaani umbo pamoja na maagizo ya nukta zake, analaza gauni juu yake, analirekebisha, anajaribu mikao. Kisha anaanza upya kwa mwili unaofuata. Gauni moja la kijani kwa miili sita ni magauni sita.

Ukiyaona haya, soko zima linasomeka. Fundi anaushonea mwili wenye wateja. Mteja ananunua mwili wenye nguo. Mwili ukishika njia unazidi kushika, na mwili mzuri usio na wafuasi unabaki uchi, kwa maana halisi ya neno. Wanaume wanalijua hili kwa uchungu: miili yao ni michache na maduka mengi yanawawekea kona moja huko nyuma, karibu na mlango wa kutokea. Ndiyo sababu mgeni akiniuliza anunue mwili gani, simwambii upi ni mzuri. Namwambia aende kwanza madukani akatazame nguo anazozipenda, asome majina yaliyoandikwa chini ya picha, halafu anunue mwili unaotajwa mara nyingi zaidi. Mwili ni maelfu ya L$, nguo ni mamia. Akikosea gauni amepoteza pesa ya soda. Akikosea mwili amenunua kabati lisilo na nguo.

Na asome jina lote. Belleza iliuza Isis, Venus na Freya, dada watatu wa nyumba moja wasioazimana sketi. Maitreya alikuwa na Lara, kisha akatoa LaraX, na maduka huandika kila mmoja kivyake kwa sababu nguo ya mmoja si lazima imkae mwenzake.

Binti wa kaka yangu ana Reborn. Nikamwambia afungue folda ya gauni anisomee yaliyomo. Lara. LaraX. Legacy. Kupra. Basi.

"Reborn haipo," akasema.

"Ndiyo bega lako hilo."

Ngozi ya kufichwa

Hata gauni la mwili sahihi litachungulia ukikaa au ukiinua mikono, kwa sababu wale wachezaji wawili hata wakiwa na mwalimu mmoja hawafanani kabisa kwenye kila hatua. Dawa yake si ushonaji, ni ufichaji: sehemu ya mwili iliyo chini ya nguo inafanywa isionekane. Kama tumbo halipo, haliwezi kutokeza.

Kuna njia mbili za kuficha na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya vipande. Mwili wa dukani umekatwa vipande vingi, na unapewa HUD, jopo la vitufe linalokaa kwenye skrini yako peke yako, ambalo ukibonyeza kiuno, kiuno kinazimika. Nguo nyingi hubeba hati ndogo, yaani programu fupi, inayouambia mwili uzime vipande vinavyohusika wenyewe, na ukiivua uviwashe. Isipokumbuka kuviwasha, unajikuta sokoni umevaa blauzi fupi na pale palipokuwa tumbo mtu anaona duka la nyuma yako. Usishtuke, fungua HUD. Ya pili ni alfa, tabaka linalovaliwa kama nguo lakini kazi yake ni kufuta. Hii hufuata mchoro wa fundi hadi ukingo wa kola, haikati kwa pande za mraba, kwa hiyo ni safi zaidi.

Alfa ni jambo la zamani. Miili ya meshi haikuweza kuitumia hadi Agosti 2019, ulipokuja mfumo uitwao BOM (Bakes on Mesh). Kabla ya hapo mwili wa meshi haukuzijua zile tabaka za rangi za mwanzo. Wachongaji wakawa wanauza miili yenye maganda kama kitunguu, ganda la ngozi, juu yake la chale, juu yake la chupi, kila moja mwili kamili, na kila kompyuta iliyo jirani ikiyachora yote. BOM ilirudisha ule ukandaji wa kale: seva inaunganisha ngozi, chale, chupi na alfa kuwa picha moja, wakati huo ya pikseli 1024 kwa 1024, na kuitandaza juu ya mwili wa dukani. Nguo ya kupaka ikafufuka. Suruali ya kubana niliyokuwa nayo tangu zamani nimeivalisha tena, na haina bega la kutoboa.

Dukani

Sasa ununuzi wenyewe. Unaweza kwenda kwa miguu kwenye duka la ndani au kuagiza kwenye Marketplace, soko la mtandaoni la Linden Lab, na vyote viwili vina kitu kimoja kinachostahili kupewa heshima kuliko picha ya tangazo: demo. Ni nakala ya majaribio, ya bure au ya L$1, yenye kibandiko kikubwa kinachoelea ili usiondoke nayo kabisa. Picha ya tangazo imepigwa kwenye umbo la fundi, kwa mwanga wa fundi, na mara nyingi imepitia programu ya kusafishia picha. Demo unaiona kwenye mwili wako mwenyewe.

Ijaribu kwa kuinyanyasa. Kaa chini. Tembea. Piga mkao wa mikono juu. Cheza kitu chenye kukata kiuno. Jitazame kwapani, nyuma ya goti na pale paja linapokutana na nyonga, maana ndipo maagizo ya nukta huwa ya kulipua. Na kwa sisi wenye intaneti ya vifurushi, subiri kwanza. Nguo hufika ya kijivu, kisha ya ukungu, kisha ndiyo yenyewe. Nimewahi kuwaona watu wakihukumu kitambaa ambacho kilikuwa bado njiani. Kama vidhibiti vyako umevipeleka 90 na kitu, usitarajie miujiza: fundi alijaribu katikati, na mwisho kabisa wa kipimo nguo hupasuka hata ikiwa ya mwili wako.

Ukishanunua hupati nguo bali boksi au folda. Boksi la zamani huwekwa chini mahali panaporuhusiwa, huwa kuna viwanja vya bure kwa kazi hiyo, na jipya hujifungua ukilivaa. Ndani utakuta nguo kwa kila mwili; vaa yako, nyingine ziweke pembeni au uzifute. Hapo angalia maneno mawili. Ukichagua kuvaa, kitu kipya kinang'oa kilichokuwa kimepachikwa mahali hapo. Ukichagua kuongeza, vyote vinakaa. Karibu kila mgeni amewahi kuvaa mkufu akabaki na upara mbele za watu kwa kutojua tofauti hii, nami nilikuwa mmoja wao. Vya kupachikwa haviruhusiwi kuzidi 38, na mwili, kichwa, nywele, viatu, pete na HUD zote zimo kwenye hesabu.

Chini ya bei mna maneno matatu ya ruhusa: kunakili, kurekebisha, kuhamisha. Nguo nyingi zinaruhusu kunakili na haziruhusu kuhamisha. Maana yake unaweza kuwa nazo mia moja na huwezi kumpa mdogo wako hata moja; zawadi inunuliwe kwa jina lake tangu mwanzo. Fundi hana roho mbaya. Angeruhusu yote mawili, mteja wa kwanza angekuwa duka la pili. Mwaka 2006 ilipotokea programu ya CopyBot, yenye uwezo wa kuiga vitu vya watu, wenye maduka walifunga milango kwa kuandamana, na woga huo haujaisha. Matokeo yake, katika ulimwengu wenye nguo nyingi namna ile hakuna mtumba. Kilichokaribia ni vitu vya mashine za bahati nasibu, ambavyo vilihamishika na visinakilike, watu wakavinunua gizani na kuuziana marudio. Kampuni ilipiga marufuku mashine hizo mwaka 2021.

Ruhusa ya kurekebisha inawapa watu matumaini yasiyo na msingi. Utaweza kubadilisha rangi, pengine. Kupunguza kiuno hutaweza, kwa sababu nguo iliyofungwa kwenye mifupa haisogezwi kwa mkono. Hereni, saa, mkoba na kofia zisizofungwa kwenye mifupa bado unaweza kuzivuta na kuzisogeza kama ile sketi yangu ya zamani.

Jambo la mwisho la dukani ni uzito, ambao haumsumbui mvaaji bali majirani. Gauni lenye shanga elfu, kila shanga imechongwa kamili, hufanya kompyuta za wengine zikohoe. Mtu anaweza kuweka kikomo, na ukikizidi anakuona kama sanamu la jeli la rangi moja. Umelipia shanga, wanaona peremende. Wakati wa demo, tazama namba ya uzito ambayo programu inakuonyesha, uilinganishe na ulivyokuwa kabla.

Nilimweleza binti wa kaka yangu nusu ya haya, usingizi ukiwa umenishika. Alimwandikia mwenye duka akiomba arudishiwe pesa, akajibiwa kwa adabu kwamba miili imeandikwa kwenye tangazo na demo ilikuwepo. Ni kweli, imeandikwa, kwa herufi za kusomwa na mchwa. Nikampa majina ya kutafuta, nikamwambia aongeze neno Reborn kila anapotafuta, ajaribu demo tatu kabla ya kulipa. Lakini harusi ya rafiki yake ilikuwa kesho yake, saa nne asubuhi ya California, yaani saa mbili usiku kwetu, na yeye alikuwa ameshaahidi kijani.

Kesho yake jioni picha nyingine ikaingia. Gauni lile lile. Bega halionekani, nyonga hazionekani. Juu amevaa koti refu jeusi, la Reborn, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, na chini linachungulia pindo la kijani.

"Nimezima mwili wote kuanzia shingoni hadi magotini, Shangazi. Ndani hamna mtu."

"Na wakikwambia uvue koti?"

"Nitasema nasikia baridi."